GTX 1650 kwenye Dell ya mtumba: uzoefu wangu wa kusaka kadi ya grafiki ya bei nafuu Dar

Kama una kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, zile Dell na HP nyeusi zilizojaa maduka ya Kariakoo na Posta, na unataka kuchezea gemu bila kubadilisha kila kitu ndani yake, kadi ninayoipendekeza ni GTX 1650 ya GB 4, ile isiyo na tundu la waya wa umeme. Ndiyo niliyoinunua, iliyotumika, kwa shilingi 280,000 baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia laki tatu na nusu. Iko nyumbani Tabata, na mimi na mdogo wangu tunaitumia karibu kila jioni.

Watu wengi huanza kwa kuuliza kadi ipi ina nguvu. Mimi nilianza na pawa saplai, na namshauri kila mtu aanzie hapo. Mashine yangu ni OptiPlex 7050 ya kusimama, prosesa i5-7500, RAM GB 16. Ukifungua ubavu wake unakuta pawa saplai ya wati 240, isiyo na waya wa pini 6 wala 8 wa kulishia kadi. Tena plagi inayoingia kwenye madabodi si ile ya kawaida ya pini 24, ni ya muundo wa Dell wenyewe, kwa hiyo huwezi kuokota pawa saplai yoyote dukani ukaichomeka hivi hivi. Lazima utafute adapta. Ukiiacha mashine kama ilivyo, kadi inabaki na chanzo kimoja tu cha umeme, nacho ni soketi ya PCIe, yaani ile inapochomekwa kadi kwenye madabodi, ambayo mwisho wake ni wati 75.

Hiyo namba 75 ndiyo iliyochuja orodha yangu. RX 580 inasifiwa sana kwa sababu ina GB 8 na bei yake haitishi, lakini inakula wati 185. GTX 1660 Super inakula 125. Zote mbili nje. GTX 1650 Super nayo nje, na hapa naomba msomaji asimame kidogo, maana majina haya yanachanganya hata wauzaji. 1650 Super ina viini 1,280 (vitengo vidogo vya kuchakata picha ndani ya chipu) na inahitaji waya wa umeme. 1650 ya kawaida ina viini 896. Na hata hiyo ya kawaida haiko ya aina moja: zile za kumbukumbu ya GDDR5 zilizotoka 2019 nyingi hazina tundu la waya, wakati zile za GDDR6 zilizofuata 2020 zina kasi zaidi kidogo ila nyingi zinataka waya wa pini 6. Usimwambie muuzaji "nataka 1650" ukaishia hapo. Ishike mkononi, igeuze, tazama ukingo wake wa juu kama una tundu la waya.

Zilizobaki kwenye mchujo ni tatu zaidi. GTX 1050 Ti ni ya 2016, na NVIDIA, watengenezaji wa chipu yake, walishatangaza kwamba draiva mpya za gemu kwa kizazi chake zinaishia Oktoba 2025. Kununua kadi ambayo mtengenezaji ameanza kuiaga sikuona sababu. RX 6400 inakula wati 53 tu na kwa karatasi inavutia, lakini inatumia njia nne tu za PCIe. Imeundwa kwa ajili ya PCIe ya kizazi cha nne, na mashine zetu hizi za mtumba ni za kizazi cha tatu, kwa hiyo barabara ya data inakuwa nusu. Isitoshe haina kifaa cha ndani cha kurekodi video, na mdogo wangu hurekodi mechi zake kuzipandisha TikTok. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, ndiyo bora kati ya hizi zisizohitaji waya: wati 70, kumbukumbu zaidi, kizazi kipya zaidi. Duka moja la Posta waliniambia zaidi ya laki saba. Kwa bei hiyo unapata mashine nzima ya mtumba na chenji inabaki.

Sasa sokoni. Kariakoo mawinga wanakudaka kabla hujauliza, na wengi wao wanajua simu kuliko kompyuta. Mmoja alinipeleka duka la ghorofani nikaonyeshwa "GTX 1050 Ti" ya laki moja na nusu, ndani ya boksi jipya lisilo na jina la kampuni yoyote. Nilichokiona kwanza ni tundu la VGA. Chipu za kizazi hicho hazitoi ishara ya analogi, kwa hiyo VGA pale ni dalili ya kutosha kukufanya urudishe pochi mfukoni. Nilikuwa na GPU-Z, programu inayosoma chipu halisi ya kadi, kwenye flashi, nikaomba tuichomeke kwenye kompyuta yao. Programu ikasoma chipu GF116, ya mwaka 2011, ambayo mtu ameibadilishia jina ndani ya BIOS yake, yaani programu iliyopachikwa kwenye kadi yenyewe. Kijana wa dukani alishangaa kweli. Naamini na yeye aliletewa hivyo hivyo. Nilimshukuru, nikaondoka.

Ndiyo maana nasema kigezo cha pili baada ya pawa saplai ni duka linalokuruhusu kupima. Si kuona picha ikiwaka kwenye skrini, kupima. Dada aliyeniuzia, duka lake liko mtaa wa nyuma kabisa mbali na kelele, alisema, "Mdogo wangu, pima mpaka uridhike, ukishaondoka tusianze kutafutana." GPU-Z ikaonyesha TU117, ndiyo chipu halisi ya 1650, viini 896, kumbukumbu GB 4. Tukawasha FurMark, programu ya kuilazimisha kadi ifanye kazi kwa nguvu zote, robo saa, feni ikipanda taratibu bila kukwaruza, joto likatulia chini ya nyuzi 80 na duka halina kiyoyozi. Nilitazama skrubu kama zimechubuliwa na kucha za HDMI kama zina kutu. Hewa ya chumvi ya huku kwetu inakula chuma, na kadi iliyokaa wazi dukani muda mrefu unaijua kwa rangi ya kijani kwenye shaba.

Kuna jambo linalonifanya niiamini zaidi 1650 ya GB 4 iliyotumika kuliko kadi za GB 6 na 8. Kadi nyingi zilizomwagika sokoni zilitoka kwenye uchimbaji wa Ethereum, sarafu ya kidijitali, uliokoma Septemba 2022. Faili ambalo mchimbaji alilazimika kulipakia kwenye kumbukumbu ya kadi lilikuwa linakua, na mwishoni mwa 2020 likapita GB 4. Kuanzia hapo kadi za GB 4 hazikufaa tena kwa kazi hiyo, kwa hiyo zilikwepa msimu mzito wa 2021 ambapo kadi zilikuwa zikiunguzwa usiku na mchana. Si hakikisho la asilimia mia, ila uwezekano uko upande wako.

Utendaji wenyewe: monita yangu ni ya 1080p. EA Sports FC 24 inaomba angalau GTX 1050 Ti na inapendekeza GTX 1660, na 1650 inakaa katikati yake. Kwa mipangilio ya kati tunacheza fremu 60 kwa sekunde, na mechi haigandi hata mvua ikinyesha uwanjani. GTA V inakwenda laini kwa mipangilio ya juu, nikipunguza nyasi na vivuli. Counter-Strike 2 inachezeka vizuri ukishusha vivuli. Gemu kubwa za miaka ya karibuni ni habari nyingine: GB 4 zinajaa, picha za ukutani zinachelewa kutokea, na fremu zinadondoka ghafla unapoingia eneo jipya. Ukitaka hizo, kadi hii haikufai.

Joto la kadi nyumbani linafika nyuzi 74 au 76 miezi ya Januari na Februari, dirisha wazi na feni ya juu ikizunguka. Vumbi ndilo adui mkubwa kuliko joto lenyewe. Ubavu wa mashine naufungua mara kwa mara na kupuliza, na tofauti ya sauti ya feni inasikika palepale.

Na Luku. Tofauti ya kadi hii na RX 580 zikiwa kazini ni wati 110. Ukicheza saa nne kila siku, hizo ni uniti kama 13 kwa mwezi. Kwa nyumba inayonunua umeme kidogo kidogo, uniti 13 zinaonekana.

Kama mashine yako ina pawa saplai nzuri ya kawaida, wati 450 na kuendelea, usinifuate mimi. Ongeza pesa utafute GTX 1660 Super ya GB 6, au RX 6600 yenye GB 8 inayokula wati 132 tu na kuiacha 1650 mbali sana. Na kama una ile Dell fupi nyembamba ya kulala, 1650 ya kawaida haiingii; tafuta ya kimo kifupi, na hakikisha imekuja na bamba lake fupi la kufungia, kwa sababu wengi huuza kadi bila bamba hilo na kulipata peke yake Dar ni kazi.

Dada yule alinipa risiti ya EFD, akaandika namba ya kadi kwa kalamu nyuma yake pamoja na muda wa kurudisha, wiki mbili. Mwombe muuzaji wako akuandikie hivyo kabla hujatoa pesa.