Uzoefu wangu: nililipia bedingi (kukalisha chuma ya bunduki vizuri ndani ya stoki) ya bunduki yangu ya .308, hii ndo tofauti niliyoona

Wacha niseme ukweli, nilikuwa nimefika mahali pa kuuza hii bunduki. Ni .308 (hiyo ni saizi ya risasi) ya boliti, ile unavuta na mkono kila risasi, ya kiwandani kabisa, stoki (kitako) ya plastiki nyeusi na mtutu mwembamba wa kuwindia. Kuwinda Kenya kulipigwa marufuku 1977 lakini bado bunduki za aina hii ndo wengi wetu tunapigia shabaha, juu zile za mashindano bei yake haishikiki. Shida yangu ilikuwa grupu, yaani vile risasi zinakaa karibu karibu kwa karatasi. Risasi tano kwa mita 100 zinatawanyika sentimita 9, siku mbaya 11, na si kusema zinaenda upande mmoja useme ni upepo, hii juu, hii kushoto, alafu mbili zinakaa pamoja vizuri mpaka unaanza kujiuliza kama shida ni wewe.

Duka moja huku town waliniambia ni darubini. Nikanunua ingine, pesa nyingi, grupu ikabaki pale pale. Hiyo bado inaniuma juu hakuna mtu hapo aliichukua bunduki akaiangalia hata dakika mbili.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja tulikutana naye renji (uwanja wa shabaha) ya Stoni Athi asubuhi moja. Akaniambia, "Kijana, toa boliti, tuhakikishe iko tupu, alafu nipe noti ya hamsini." Akaingiza noti chini ya mtutu kutoka mbele ya stoki, akaivuta akirudi nyuma kuelekea chemba. Ikaenda kama vidole vinne ikakwama. Akaniambia nibonyeze stoki juu kidogo vile baipodi (ile miguu miwili ya mbele) huibonyeza, na noti haikuingia hata kidogo. "Umeona? Mtutu unaguswa." Risasi ikitoka mtutu unatetemeka, na kama plastiki inaugusa leo hapa kesho pale, kulingana na vile umeegemea na vile umepata moto, hauwezi kutetemeka sawa mara mbili. Miaka miwili napiga na sijawahi kuangalia hapo.

Sasa huduma yenyewe. Nilipeleka kwa fundi wa bunduki upande wa Industrial Area, ako na leseni ya hiyo kazi, na tafadhali usipeleke silaha kwa fundi yeyote tu ati ako na mashine ya kukwaruza chuma, sheria haikuruhusu na wewe ndo utajibu. Alinitoza 18,000 na akachelewa siku tisa zaidi ya alivyoahidi, hapo sikupendezwa, simu anashika akitaka. Lakini kazi, kazi ni safi. Alikwangua njia ya mtutu mpaka noti mbili zikapita bila kugusa. Akaweka vibomba vya alumini mahali skurubu zinapita ili zisiwe zinaminya plastiki, alafu akajaza epoksi nyuma ya ile lagi, kijino cha chuma chini ya bunduki kinachobeba kishindo. Aliniita nione vile anapaka kiwi ya viatu kwa chuma yote kwanza, tabaka jembamba, akang'arisha na kitambaa, juu epoksi ikishika chuma hiyo bunduki haitatoka tena. Ikakaa masaa 24. Alipoichomoa ukiangalia ndani unaona alama ya chuma imejichora yote, hata kona, hakuna shimo la hewa. Skurubu akafunga na bisibisi ya toki, ile inapima nguvu ya kukaza, niutoni mita 7 hivi, zote mbili sawa, na hapo awali ile ya nyuma ilikuwa imelegea hadi naigeuza na mkono. Trigga akapunguza kutoka karibu kilo 2 mpaka kilo 1.5 kwa skurubu ya kiwanda yenyewe, hakupiga tupa kitu.

Nikarudi Stoni Athi na risasi za greini (kipimo cha uzito wa risasi) 150, 168 na 180, juu kila mtutu uko na chakula chake. Ya 150 ilinipa sentimita 6. Ya 180 kama 5. Ya 168 risasi tano zikakaa kwa sentimita 3.4, nikatembea hadi kwa karatasi na rula nikapima mara tatu, nikamwita mzee aje apime yeye.

Kitu ingine, na hii haina gharama: mtutu mwembamba haupendi haraka. Napiga tatu, nafungua boliti, nangoja dakika kumi. Nikipiga tano mfululizo ile ya mwisho bado inapanda juu kidogo, hiyo bedingi haiwezi kutibu. Na fika mapema, ikifika saa tano hewa ya Athi inacheza cheza kwa darubini mpaka karatasi inaogelea.

Kwa hivyo fundi nampa nne kwa tano, hiyo moja ni ya kuchelewa. Hiyo darubini mpya nimeitoa nikarudisha ile ya zamani, na grupu ya 3.4 nilipiga na ile ya zamani.