Uzoefu wangu: hadithi ya kulipia kwa simu, na daktari aliyempima kijana-mbwamwitu

Huduma yenyewe haina maajabu. Unatuma dola moja kwa mwezi kupitia simu, na kila Ijumaa jioni unapokea sehemu moja ya hadithi uliyochagua, maandishi pamoja na sauti. Nyingi ni za bwana tajiri na mfanyakazi wa ndani, na kama zingekuwa hizo tu ningekwambia dola yako ikanunue makaa ya kupikia. Lakini wanayo moja ya kijana wa miaka 13 anayegeuka mbwamwitu mwezi ukijaa, na hiyo imetufanya kwenye atelie yetu ya ushonaji, hapa Majengo mjini Goma, tugombane kama watu waliouziwa kiwanja kimoja.

Sisi tunasoma kwa kusikilizana. Umeme ukikatika, mashine zinanyamaza, mimi nashika simu na kusoma kwa sauti huku wenzangu wakishona pindo kwa mkono. Anayepita kuchukua suruali yake anakaa, na akishakaa haondoki. Kwa hiyo maoni ninayoleta hapa si yangu peke yangu.

Hadithi inatokea kwenye kijiji cha milimani huko Ulaya, theluji hadi dirishani. Sehemu za mwanzo ni mbio na milio ya usiku tu, unazisikiliza huku unawaza kodi ya nyumba. Halafu inakuja ile ambayo mama mtu anampeleka mwanawe kwa daktari, mchana kweupe, kama anayempeleka mtoto mwenye kikohozi. Hakuna anayekimbizwa. Chumba kimoja, kitanda, taa, watu watatu. Hapo ndipo atelie nzima ilipotulia.

Daktari anaanza kwa kuuliza jina, na hamuulizi mama, anamuuliza kijana mwenyewe. Kabla ya kuweka stetoskopu kifuani anaishika kwanza kiganjani mpaka ile sahani ipate joto. Anamwomba afungue mdomo, anahesabu meno kwa kijiti: 28, kama kijana yeyote wa umri huo. Mama anashusha pumzi. Kumbe kijiti bado kinaendelea kule nyuma, mpaka 34. Mtu mzima ana meno 32 na mbwa mzima 42, na mwandishi hakutueleza hilo, alituachia tupige hesabu wenyewe. Kisha taa inapita usoni na macho ya kijana yanarudisha mwanga wa kijani. Daktari haruki, hapigi ishara ya msalaba. Anasogeza taa pembeni, anaandika kidogo kwenye karatasi, halafu anauliza: "Inakuumiza?" Kijana anajibu kwamba inamuuma, hasa mifupa ya miguu. Tangu hadithi ianze, huyo ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.

Mama mmoja fundi mwenzetu, ambaye siku zote anasema hadithi hizi ni za mashetani, aliacha sindano akasema: "Huyu muganga iko na batoto kwake." Basi. Tangu siku hiyo ndiye anayenikumbusha Ijumaa.

Shemeji yangu ni muuguzi kwenye kituo cha afya, na yeye hadithi haisomi, anaikagua. Joto la kijana lilipotoka nyuzi 38.8 akauliza mara moja kwa nini hajapimwa malaria. Tukamwambia kule ni theluji tupu, mbu atoke wapi? "Hata kama. Mutu wa 38.8 unamupima malaria kwanza, kiisha unamuuliza kama iko na mukia." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini alipotulia alikiri kwamba mwandishi ni mjanja: joto la kawaida la mbwa mzima wa afya liko kati ya 38 na 39, kwa hiyo kijana hakuwa na homa hata kidogo. Ni nusu yake nyingine tu iliyokuwa inajitangaza.

Kitu kilichomfurahisha ni mfugaji aliyeng'atwa na kijana huyo huyo, anayeingia akivuja damu katikati ya kipimo. Daktari anamwelekeza kwenye bomba, sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 bila kupunguza, ndipo habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa ifuate. Mfugaji analalamika kwamba maji ni baridi. Daktari anamwambia ayazoee. Shemeji alinilazimisha kurudia kipande hicho kwa sababu ya motari mmoja, dereva wa pikipiki, aliyekuwa anangoja zipu, na kweli motari aliuliza maswali mengi. Akaambiwa wazi: dalili za ugonjwa ule zikishaonekana, karibu hakuna anayepona, kwa hiyo mtu anawahi sindano kabla, hangoji kuona.

Fundi wetu anayetoka upande wa Beni hakukubaliana na sehemu nzima. Kule wazee bado wanataja anioto, watu-chui wa wakati wa Wabelgiji, waliovaa ngozi na kubeba makucha ya chuma, na serikali ya kikoloni iliwapeleka mahakamani. "Kwetu mutu akijifanya munyama ni kesi, haiko ugonjwa. Huyu muganga anatafuta nini?" Nadhani ameweka kidole palepale panapofanya hadithi hii iwe tofauti. Anioto walikuwa watu wazima waliochagua ngozi yao, na huyu ni mtoto ambaye hakuchagua kitu. Nilimwambia hivyo, akasema mimi nimeshalogwa na simu.

Ugomvi mkubwa lakini ulikuwa wa krimu. Kijana ana kidonda cha moto mkononi. Daktari anafungua kabati, anatoa kopo la krimu nyeupe, anachovya kidole... na sehemu inakatika. Subiri Ijumaa ijayo. Shemeji aliruka kutoka kwenye kiti: krimu ile ya kuungua inayotumika sana hospitalini ni sulfadiazini ya fedha, dawa yenye madini ya fedha ndani. Fedha! Na hadithi ilishatuambia tangu mwanzo kwamba fedha inawachoma watu wa aina yake mpaka mfupani. Wiki nzima ikawa hiyo. Motari alirudi, safari hii bila nguo yoyote ya kushonwa, kutuambia kwamba daktari ametumwa na wawindaji na upole wote ule ni mtego. Mama fundi akasema hapana, ni bahati mbaya. Mimi niliona mwandishi hajui krimu ina nini ndani. Ijumaa ikafika: daktari anasoma maandishi ya kopo, anasimama kidogo, anafunga kifuniko, anaosha kidonda kwa maji safi na kukifunika na bandeji, bila kumweleza mama sababu. Yaani alishajua yuko na nani tangu kwenye meno. Shemeji anadai ni yeye aliyewastua wenye huduma, maana aliwaandikia ujumbe katikati ya wiki. Hawajawahi kumjibu, lakini hilo halimpunguzii sifa.

Sehemu hiyo ilinifanya nitafute kama kuna daktari wa kweli aliyewahi kukutana na mgonjwa wa namna hiyo. Yupo, angalau anayekaribia. Mwishoni mwa karne ya 16, kule Bologna, Italia, daktari na mtaalamu wa viumbe Ulisse Aldrovandi alimchunguza Antonietta, binti wa Petrus Gonsalvus wa Tenerife. Baba na binti walizaliwa na nywele uso mzima, hali ambayo leo madaktari wanaiita hipatrikosi. Mchoraji Lavinia Fontana alimchora mtoto huyo akiwa amevaa gauni zuri la kitajiri, ameshika karatasi yenye maelezo yake. Aliyoyaandika Aldrovandi kumhusu yalichapishwa mwaka 1642, ndani ya kitabu cha viumbe vya kutisha. Ukishajua hilo, swali la "inakuumiza?" linakuwa zito zaidi.

Sasa kasoro za huduma. Sauti inakula mega vibaya sana, na msomaji ana Kiswahili cha Dar kilichonyooka mno. Mama wa kijijini na daktari wanaongea sawasawa. Mwezi mmoja walinikata pesa mara mbili. Nilipowaandikia walijibu baada ya muda mrefu, na hawakurudisha dola, waliniongezea hadithi ya bwana tajiri ambayo sikuiomba. Na kukata sehemu katikati ya kipimo cha daktari ni ukatili wa kibiashara, hata kama kwetu ulileta wateja.

Lipia hiyo moja tu, soma maandishi, acha sauti. Mimi nimeshatuma ya mwezi ujao. Shemeji amechanga nusu, kwa sharti kwamba nimwandikie mwandishi kijana apimwe malaria.