Porsche Cayenne (958) kama gari la familia: uzoefu wangu na V6

Nianze na siti, maana huko ndiko familia inakokaa. Cayenne ya kizazi cha pili, ile ambayo mafundi wanaiita 958, iliyotengenezwa kati ya 2010 na 2017, ina siti tano basi. Safu ya tatu haikuwahi kuwepo, hata kwa kulipia. Mwenye watoto wanne asipoteze muda hapa: zipo BMW X5 na Range Rover Sport zilizoagizwa na viti viwili vya ziada nyuma, na ipo Prado, ambayo haina aibu yoyote.

Kwa watoto wawili gari hili limenipendeza kuliko nilivyotarajia. Kiti cha nyuma kinasogezwa mbele na nyuma kwa sentimita 16, na mgongo wake unalazwa. Ukifunga kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma, unasukuma siti hadi mwisho, na aliyekaa mbele bado ananyoosha miguu. Vyuma vya ISOFIX, vya kufungia kiti cha mtoto, viko kwenye siti mbili za pembeni. Vipapase kwa vidole pale mgongo unapokutana na sehemu ya kukalia kabla hujalipa, kwa sababu ngozi iliyozeeka hukakamaa na kuvificha. Siti ya katikati ni ya dharura: imeinuka, ni ngumu, chini yake kuna nundu la sakafu, na viti viwili vya watoto vikishafungwa, mtu mzima hapenyi. Buti ni lita 670, yaani kigari cha mtoto na mabegi makubwa mawili bila kulaza kitu. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni upana. Ni mita 1.94 kabla ya kuhesabu saiti mira, na milango ni minene. Kwenye maegesho ya kubanana, shusha watoto kwanza ndipo uegeshe, la sivyo utalipa rangi ya gari la jirani.

Sasa injini, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. V6 ya petroli ya lita 3.6 ina nguvu farasi 300. Kwenye matoleo ya kabla ya mwaka wa modeli 2015, Cayenne S ya V8 lita 4.8 ina 400, GTS ina 420 na Turbo ina 500. Turbo hutoka sifuri hadi 100 kwa sekunde 4.7, V6 huchukua saba na nusu hivi. Tofauti hiyo utaitumia wapi? Kutoka Chalinze hadi Segera unakutana na vibao vya 50, matuta, na askari mwenye tochi kivulini. Nguvu inayohitajika kweli ni ya kuovateki lori la kontena, au kupanda Kitonga ukiwa na watu watano, mabegi na AC inapuliza. V6 inaiweza kazi hiyo, ila ukanyage. Haina turbo, nguvu yake iko juu, kwa hiyo gia boksi ya gia nane itashuka gia mbili au tatu na injini itanguruma. Asiyeipenda kelele hiyo achukue dizeli ya lita 3.0: farasi ni kati ya 240 na 262 kutegemea mwaka, lakini mvuto ni Nm 550 na kuendelea, tena unaupata injini ikiwa chini kabisa. Safarini ndiyo tamu kuliko zote.

Kasoro ya dizeli ni mjini. Chujio lake la masizi hujisafisha kwa joto, na joto hilo halipatikani kwenye foleni ya asubuhi kutoka Tegeta hadi Posta. Taa ya chujio ikiwaka, toka na gari kwenye barabara kuu, uende mwendo usiokatika kwa dakika 20 hivi mpaka izime. Ukiipuuza mara tatu nne, chujio linaziba kabisa, na dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili. Ujue pia kwamba dizeli za mwisho, za kiwango cha moshi cha Euro 6, ndizo Ujerumani iliamuru zirudishwe mwaka 2017 kwa sababu ya programu ya kudhibiti moshi. Ukiagiza ya namna hiyo, taka uthibitisho kwamba ilishafanyiwa marekebisho hayo.

Mimi nasimamia V6. Kiwanda kinasema lita 9.9 kwa kilomita 100. Kwenye foleni za Dar hesabu kilomita 5 hadi 6 kwa lita, na safarini 9 hadi 10. Tangi la lita 85 linatoka Dar hadi Arusha bila kuongeza, kama unafuata vibao. Weka petroli ya oktani 95 au zaidi. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo unapopanda mlima, kituo ulichojaza si cha kurudi.

Injini hii ni ndugu ya ile ya Volkswagen Touareg na Audi Q7 za lita 3.6, na hapo kuna akiba ya kweli. Vipuri vingi ni vilevile, vikiwa kwenye boksi lenye nembo nyingine na bei nyingine. Muulize muuzaji wa spea kwa namba ya kipuri, usimtaje Porsche hadi akutajie bei.

Udhaifu wake unajulikana. Wa kwanza ni utando mdogo wa mpira ulio ndani ya kava la valvu, unaodhibiti hewa ya injini. Ukichanika, gari linatetemeka likiwa limesimama, linapiga mluzi mwembamba, na taa ya injini inawaka. Kipimo hakihitaji mashine: injini ikiwa inanguruma taratibu, jaribu kufungua mfuniko wa oili. Ukiwa umevutwa ndani kwa nguvu kiasi cha kung'ang'ania, utando umekwisha. Fundi wa haraka atakuuzia plagi na koili zote sita kabla ya kuugusa mfuniko huo. Wa pili ni masizi kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa kuwa petroli hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda na haioshi valvu. Husafishwa kwa kufungua manifoldi na kukwangua au kupuliza. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki huko. Wa tatu ndio wa gharama: cheni ya muda (timing chain) iko upande wa nyuma wa injini, kunakofungwa gia boksi. Kuibadilisha ni kushusha gia boksi au injini nzima. Kwa hiyo lisikilize gari asubuhi likiwa limelala usiku kucha. Likikwaruza kwa sekunde kadhaa linapowaka, waache nalo. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika ameshakujibu.

Kwa wanaoshikilia V8: zile za mwanzo, 2010 hadi 2012, ziliwahi kuitwa na kiwanda zirudi kutengenezwa kwa sababu ya boliti za kirekebisha kemshafti, ambazo zikikatika injini inazima palepale. Mabomba yake ya maji yaliyounganishwa kwa gundi huachia baada ya miaka ya joto. Na magari ya 2011 hadi 2016, ya injini zote, yaliitwa vivyo hivyo mwaka 2016 kwa kipini cha pedali kilichoweza kulegea. Namba ya chasi ndiyo inayokuambia kama kazi ilifanyika.

Kipuri kinachosumbua 958 kuliko vyote ni transfa kesi, inayogawa nguvu mbele na nyuma. Dalili yake huonekana kati ya kilomita 30 na 60 kwa saa, mguu ukiwa umegusa mafuta kidogo tu: gari linashtuka mara mbili tatu kama mtu ameligonga kwa nyuma. Wengi hupelekwa kubadilisha oili ya gia boksi, na tatizo halijali. Jaribu hivi: tafuta uwanja mtupu, zungusha stelingi hadi mwisho, nenda mduara polepole kulia, kisha kushoto. Ukisikia linang'ang'ania na kurukaruka, kwanza tazama matairi. Yote manne yawe ya aina moja na uchakavu unaolingana. Tairi mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma huzunguka kwa kasi tofauti, na klachi iliyo ndani ya transfa inasuguana siku nzima hadi inaungua. Matairi yakiwa sawa, badilisha oili ya transfa, haifiki hata lita moja, halafu ipangwe upya kwa kompyuta. Ikiendelea kushtuka, ni ya kubadilisha.

Springi za chuma au za hewa? Kwa barabara zetu, chuma. Za hewa ni raha isiyosemeka: zinainua gari kutoka sentimita 21 hivi hadi karibu 27, na zina kitufe cha kushusha nyuma upakie mizigo. Lakini mpira wake huzeeka, huvuja, na kompresa inajiua kwa kujaza upepo usiokaa. Ukitaka ya hewa, pima. Jioni chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, andika. Asubuhi rudia kabla ya kuwasha. Pembe iliyoshuka zaidi ya sentimita mbili inavuja, na maji ya sabuni yatakuonyesha wapi. Na ukitaka kupiga jeki gari la hewa, zima kwanza mfumo wa kujisawazisha, la sivyo linajaribu kujinyanyua likiwa juu ya jeki.

Rimu ndizo zinazoamua kama watoto watalala safarini. Inchi 18 hutumia 255/55, inchi 19 ni 265/50, inchi 20 ni 275/45, na inchi 21 ni 295/35. Ile 35 ya mwisho maana yake ni ukuta wa mpira wa sentimita 10 hivi kati ya rimu na shimo. Rimu za 21 hupendeza kwenye picha ya muuzaji. Kwenye matuta ya rasta mtoto hutapika. Ukilikuta nazo, uza, chukua 18 au 19, mradi zinapita kwenye kalipa za breki. Turbo nyingine hazikubali 18.

Kuagiza. Kwa Tanzania ushuru wa forodha ni 25% na VAT 18%, na juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa wa injini kubwa na ule wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka minane. Karibu 958 zote sasa zinaangukia huko. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, kabla ya kumtumia mtu shilingi, maana kodi hukadiriwa kwa thamani waliyonayo wao, haifuati bei uliyobahatisha mnadani. Likitoka Japani, soma karatasi ya mnada: daraja la R au RA ni gari lililopata ajali na kutengenezwa. Angalia na usukani, kwa sababu Wajapani walipenda magari ya Ulaya yenye usukani wa kushoto. Redio ya kule inaanzia FM 76 na kukomea katika tisini na kitu, hivyo stesheni zetu za juu hutazisikia bila kifaa cha kuongeza, na ramani itabaki na Kijapani chake. La Uingereza halina usumbufu huo, ila spidi iko kwa maili, na lala chini uangalie kutu ya chumvi ya barabarani kwenye boliti za chini.

Sevisi ya V6 inameza karibu lita 7 za oili, 0W-40 au 5W-40 yenye kibali cha Porsche A40. Kitabu kinaruhusu masafa marefu sana. Kwa joto na vumbi letu nabadilisha kila kilomita 7,000 hadi 8,000. Plagi kila 60,000. Oili ya gia boksi imepangiwa 160,000, nami sishauri kufika huko, 80,000 inatosha. Betri iko chini ya kiti cha mbele. Mifereji ya sanrufu ikiziba kwa majani, maji hushuka ndani ya nguzo hadi kwenye zulia, na taa za ajabu huanza kuwaka kwenye dashibodi bila mpangilio. Inua zulia, bonyeza sponji kwa kidole. Likiwa na maji, usinunue kipuri chochote cha umeme kabla hujakausha na kuzibua.

Spea used za Dubai ni mkombozi kwa shokapu, mikono ya chini na milango. Isipokuwa taa za mbele. Magari ya Ghuba yana usukani wa kushoto, na taa zake hutupa mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja mbele yako. Taa hizo pia ndizo wezi wanazozipenda, kwa kuwa zimetengenezwa zitoke haraka bila kufungua bampa. Saiti mira nazo zipigwe namba ya gari kwenye kioo siku ya kwanza.

La mwisho kabla ya kukabidhi pesa: fungua buti, inua sakafu, tazama tairi la akiba. Mengine yana lile jembamba lililokunjwa na kipampu chake, mengine yana chupa ya gundi tu, na gundi haizibi tairi lililopasuka ubavuni porini. Humohumo tafuta kipande kidogo cha chuma cha kufungulia boliti ya kufuli ya gurudumu. Hakipo? Mwambie muuzaji akilete, na afungue gurudumu moja nacho ukiwa umesimama hapo. Boliti zirudishwe kwa Nm 160.