Uzi unaoyeyuka namba 2/0, nimeununua Kigoma mjini

Mimi ni mkunga, nafanya kazi Ujiji. Boksi hili la uzi wa poliglaktini 910 nimelichukua duka moja la dawa mjini, na kwa kumshona mama aliyechanika akijifungua, sirudi tena kwenye katgati, ule uzi wa zamani wa utumbo wa mnyama. Fundo linakaa, uzi haukatikii mkononi. Wiki ya 2 bado una kama robo tatu ya nguvu yake. Unayeyuka wote kati ya siku 56 na 70, kwa hiyo mama wa kijijini hahangaiki na nauli ya kurudi kutolewa nyuzi. Ila muuzaji, jamani, boksi kaliweka dirishani jua linapiga! Joto lisizidi nyuzijoto 25. Pakiti mbili zilikuwa zimeachia pembeni, nikazitupa. Uzi huu hauchemshwi ukatumika tena. Bei nayo imechangamka.