Vifaa vya kuzuia simu za usumbufu kwenye simu ya mezani: nunua kinachouliza, si kinachokariri namba

Vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya kuzuia simu za matapeli na matangazo kwenye simu ya mezani viko vya aina tatu: kisanduku kinachobeba orodha ya namba mbaya, simu isiyo na waya yenye kizuizi ndani yake, na huduma inayofanya kazi upande wa mtandao kabla simu haijafika nyumbani. Usihangaike kwanza na sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Tafuta jibu la swali moja: namba ngeni kabisa ikipiga, kifaa hiki kitafanya nini? Kama jibu ni kwamba kitaiacha ilie, kifaa hicho kitakusaidia kwa sehemu ndogo tu.

Kwenye kundi la visanduku, CPR Call Blocker V5000 ni mfano unaojulikana sana. Kinatoka kiwandani na namba 5,000 zilizokwisha kuzuiwa, na mwenyewe unaweza kuongeza nyingine 1,500. Juu yake kina kitufe kikubwa chekundu. Unapokea simu, ukigundua ni tapeli unabonyeza, laini inakatika na namba inaingia kwenye orodha. Ukiwa chumba kingine na mkonga usio na waya, #2 inafanya kazi hiyo hiyo. Kwa mzee asiyetaka kuhangaika na menyu, urahisi huu ni wa kusifiwa kwa dhati, na ndiyo sababu pekee ya kukinunua.

Udhaifu wake uko kwenye wazo lenyewe la orodha. Anayepiga kwa kutumia simu za intaneti anaweza kuweka namba yoyote aitakayo mahali pa namba ya mpigaji. Wengi huchagua namba inayoanza na tarakimu zile zile za kwako, ili udhani ni jirani. Kesho anabadilisha. Orodha ya namba 5,000 ni ya zamani tangu siku unapofungua boksi, na namba unayoizuia leo huenda ni ya mtu asiye na hatia ambaye namba yake imetumiwa bila habari. Kwa hiyo usitegemee kuzuia namba moja moja. Nguvu halisi ya kisanduku cha namna hii iko kwenye mipangilio mingine: kuzuia wanaoficha namba, kuzuia simu za kutoka nje ya nchi, na kuzuia kundi zima la namba zinazoanza na tarakimu fulani. Washa hayo kwanza, kama huna ndugu wanaopiga kutoka nje. Kitufe chekundu kije baadaye.

Simu zinazouliza zimeshughulikia tatizo kutoka upande wa pili. BT8600 ya Uingereza na simu za VTech na AT&T zenye kizuizi cha kisasa hubeba orodha ya namba 1,000 za kuzuia, lakini hiyo siyo sababu ya kuzinunua. Namba ambayo haimo kwenye majina uliyohifadhi ikipiga, simu yako inanyamaza. Kituo cha simu, yaani kitako chake kilichochomekwa kwenye laini, kinapokea chenyewe, kinamtaka mpigaji ataje jina lake na, kwenye modeli nyingi, abonyeze kitufe. Akifanya hivyo ndipo nyumbani kunalia, unasikia jina alilotaja kwa sauti yake mwenyewe, kisha unachagua: kumpokea mara hii, kumruhusu daima, kumkataa, au kumpeleka kwenye mashine ya kujibu.

Inafanya kazi kwa sababu ya jinsi simu hizo zinavyopigwa. Kompyuta hupiga namba nyingi kuliko idadi ya watu waliokaa tayari kuongea. Ukipokea, inasikiliza kama kuna sauti ya mtu, ndipo inatafuta mfanyakazi aliye huru. Ule ukimya wa sekunde mbili tatu baada ya "halo" ni huo. Ikikutana na rekodi inayotoa maelekezo, haina wa kutaja jina wala kubonyeza kitufe, na laini inakatwa. Roboti inayocheza tangazo nayo inaongea juu ya maelekezo hadi muda unakwisha. Anayepita ni tapeli wa kibinadamu aliyedhamiria, yule atakayesema "naitwa fulani wa benki". Huyo hakuna kifaa kinachomzuia. Kata simu, upige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako.

Simu inayouliza ina gharama yake, na wauzaji hawaisemi. Si kila roboti ni adui. Vikumbusho vya hospitali, taarifa za shule na simu zinazosoma namba ya siri ya kuthibitisha akaunti zote hupigwa na mashine, na mashine hizo haziwezi kutaja jina. Zitaishia mlangoni bila wewe kujua. Dawa ni kuziweka kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kabla ya kuwasha kizuizi, na hapa kuna kosa linalojirudia sana: watu huandika namba kwa kukumbuka. Kifaa hulinganisha tarakimu kama zilivyofika. Kama mtandao unaonyesha 0 mwanzoni na wewe umeandika msimbo wa nchi, kwa simu nyingi hizo ni namba mbili tofauti, na mama yako ataulizwa jina kila akipiga. Fungua kumbukumbu ya simu zilizoingia, chagua namba pale pale, ihifadhi kutoka hapo. Hospitali zinazoficha namba ni ngumu zaidi. Ukiwa unasubiri majibu au miadi, zima kizuizi cha namba zilizofichwa kwa siku hizo.

Aina zote mbili zinategemea kitu kimoja: huduma ya kuonyesha namba ya mpigaji kwenye laini yako. Bila hiyo kisanduku ni kipofu, na simu inayouliza itamuuliza kila mtu. Kupima ni rahisi. Chomeka simu yoyote yenye kioo, ipige kwa simu ya mkononi, uone kama namba inatokea. Isipotokea, piga kampuni ya simu kabla ya kununua chochote.

Wanaoagiza kifaa kutoka nchi nyingine wasome aya hii mara mbili. Namba ya mpigaji haisafirishwi kwa njia moja duniani kote. Marekani inatumwa kama mlio wa data kati ya kengele ya kwanza na ya pili. Uingereza inatangulia kengele, baada ya chanya na hasi za umeme wa laini kubadilishana. Kuna nchi zinazotumia milio ile ile ya vitufe vya simu. Kifaa kilichotengenezwa kwa mfumo mmoja kinaweza kuchomekwa kwenye mwingine, kikalia na kupokea vizuri, lakini kisisome namba hata moja. Hakijaharibika, hakielewi lugha ya laini. Hakikisha maelezo yanataja mfumo wa nchi yako, au kwamba kifaa hubadilishwa kwenye menyu. Pia, kwenye mfumo wa Marekani, kisanduku kilichounganishwa sambamba na simu nyingine hakiwezi kuzuia ile kengele moja ya mwanzo, maana hakijajua bado ni nani. Utasikia mlio mmoja kisha kimya. Wengi hukirudisha dukani wakidhani ni kibovu.

Kwenye kufunga, fuata mpangilio. Kutoka tundu la ukutani, kama laini ina intaneti ya waya wa shaba, kitangulie kichujio cha DSL, kile kidude kinachotenganisha simu na intaneti. Tundu la simu la kichujio liende kwenye mlango wa kisanduku ulioandikwa LINE. Mlango wa PHONE uende kwenye kituo cha simu. Ukigeuza milango hiyo, kizuizi huenda kisifanye kazi. Kisanduku kinachokaa katikati namna hii huenda kikalinda simu zilizo baada yake tu. Simu ya chumbani iliyochomekwa tundu jingine inaweza kuendelea kulia. Aliye na kitufe cha dharura cha mgonjwa au king'ora cha nyumba kilichounganishwa na laini, kifaa hicho kikae cha kwanza kutoka ukutani, kizuizi kifuate, ili wakati wa dharura kiweze kuinyakua laini bila kupitia kifaa kingine. Na usijaze vifaa. Kengele ni umeme wa kama volti 90, na kila kifaa kinachukua sehemu yake. Vikizidi vinne au vitano simu zinaanza kulia kwa unyonge au hazilii kabisa.

Laini inayopita kwenye ruta au nyuzi za mwanga haina tofauti kubwa: kisanduku kinaingia kati ya mlango wa simu wa ruta na kituo. Lakini hapo ndipo kundi la tatu, huduma ya upande wa mtandao, linapoingia, na kwa laini za namna hiyo ni nyongeza nzuri. Nomorobo, iliyokuwa miongoni mwa washindi wa shindano la tume ya biashara ya Marekani la mwaka 2013, inatumia uwezo wa kuliza simu sehemu mbili kwa pamoja. Simu inalia kwako na kwenye kompyuta yao kwa wakati mmoja. Wakiitambua namba kuwa ya roboti wanapokea wao na kukata. Inachukua kengele moja. Orodha yao hubadilika kila wakati, jambo ambalo kisanduku cha mezani hakiwezi. Laini ya zamani ya shaba haina uwezo huo wa kulia sehemu mbili, kwa hiyo huduma haifanyi kazi huko.

Ujanja wa zamani wa kurekodi ile milio mitatu ya "namba haipo", takriban hezi 950, 1,400 na 1,800, mwanzoni mwa mashine ya kujibu, uachane nao. Kompyuta za leo hupata hali ya simu kutoka kwenye mawasiliano ya mtandao wenyewe. Atakayedanganyika ni shangazi yako, atakayekata. Na "bonyeza 9 ujiondoe kwenye orodha" usibonyeze. Unathibitisha kwamba laini iko hai na ina mtu.

Kama unabadilisha simu, chukua inayouliza. Kama simu uliyonayo unaipenda na aliye nyumbani hawezi menyu, kisanduku chenye kitufe kinatosha, mradi uwashe mipangilio ya makundi. Ukishafunga, pima kwa simu ya mkononi: kwanza ikiwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, halafu ukiwa umeiondoa, mwisho ukiwa umeficha namba. Kama aliyezuiwa anaishia kwenye kisanduku cha sauti cha kampuni ya simu, pale wapigaji wanapoacha ujumbe, kifaa kinanyamazisha kengele tu bila kukata, na utakuta rekodi za matangazo zimejaa. Punguza idadi ya milio inayotangulia kizuizi kupokea, iwe chini ya ile ya kisanduku cha sauti. Orodha ya wanaoruhusiwa iandike pia kwenye karatasi, maana inakaa ndani ya kituo cha simu na kituo kikiungua inapotea nacho.