Wauguzi tano juu ya tano, simu ya mapokezi sifuri

Juzi jirani kaniuliza kama ampeleke mamake hospitali ile tuliyomlaza babangu wakati wa korona. Nikamjibu mpaka chai ikapoa, basi afadhali niandike. Jina silitaji, kwa sababu nina ya kulalamikia pia.

Ilikuwa Agosti 2021, Mombasa, wimbi la Delta. Mzee tulimfikisha saa tatu usiku, tukikimbizana na kafyu ya saa nne. Kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu, kilisoma asilimia 84, chini mno. Wakamvisha barakoa ya oksijeni, mlango ukafungwa, nikabaki nje na kanzu yake na makubadhi.

Mabaya kwanza. Simu ya mapokezi hulia mpaka ikakata yenyewe. Chakula ni ugali mkavu na kabeji, kwa mtu asiyeweza kuvua barakoa hata dakika mbili! Na bili ilitoza mavazi ya kujikinga kila siku. Nilipouliza ni seti ngapi, kila dirisha lilinielekeza dirisha jingine.

Sasa wauguzi. Mzee ana sikio moja bovu, huwa anasoma midomo, na mle ndani midomo yote imefunikwa. Siku ya kwanza alinyamaza kabisa, wakadhani kachanganyikiwa. Aliyegundua ni sista wa zamu ya usiku, aliyejiandika jina kifuani kwa kalamu nono, maana ndani ya yale magwanda wote ni sawa. Akachana boksi la glavu, akaandika upande usio na rangi: MZEE, WAPI PANAUMA? Mzee akaonyesha kwa kidole.

Kisha ikaja habari ya kulala kifudifudi, ili mapafu upande wa mgongoni yapate hewa. Mzee akagoma. Tangu chuo cha Kurani alifunzwa kwamba kulala hivyo ni makuruhu, yaani hakupendezi kidini, na hakutaka kufa katika hali ile. Sista angeweza kuandika "amekataa" kwenye faili akaenda zake. Walikuwa wawili tu kwa wagonjwa kumi na tisa. Badala yake akanipigia saa nane usiku, kwa simu yake mwenyewe.

"Kaka, dini yenu mimi siijui vizuri. Kuna mtu ambaye mzee humsikiliza?"

Nikamwamsha maalimu wa msikiti wetu. Akatuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp: hii ni dharura, mzee wangu, lala unavyoambiwa, Mungu atakuponya. Sista akauweka kwenye sikio zima, mara tatu. Mzee akageuka. Asubuhi kidude kikasoma 91.

Alikaa siku kumi na moja. Barakoa ilipomchubua pua, wakamtilia kipande laini cha bandeji chini yake, wakikibadilisha kila zamu bila kuombwa. Siku ya kuruhusiwa nilimtafuta sista nimshukuru, kumbe nimeshampita koridoni. Uso wake sikuwahi kuuona. Yeye ndiye aliyenijua, kwa sauti.

Wauguzi nawapa tano. Hospitali yenyewe mbili, moja ikiwa ya oksijeni, ambayo haikukatika hata siku moja. Jirani nimemwambia ampeleke, ila abebe chupa ya uji, asihangaike na ile simu, na kama mamake ana jambo lake la pekee, awaeleze watu wa zamu ya usiku.