Uzoefu wangu na Sony A7R IV: megapikseli 61 ni za nani?

Kamera ya Sony A7R IV nimeitumia pamoja na Sony A7 III yangu, kuanzia kumbi za harusi Dar es Salaam hadi vichochoro vya Mji Mkongwe. Jibu langu nalitoa mapema: wapiga picha wengi hawaihitaji, ila wachache wenye kazi inayoitaka wataipenda mno.

A7 III ilitoka 2018 ikiwa na megapikseli 24, yaani pikseli (nukta zinazounda picha) milioni 24. A7R IV ikaja 2019 na 61. Mteja akisikia namba hizo anadhani picha imekuwa bora mara mbili na nusu. Sivyo. Upande mrefu wa picha umetoka pikseli 6000 ukafika 9504, mara moja na nusu hivi, kwa sababu ongezeko lote linagawanywa kati ya urefu na upana.

Chukua harusi, kazi inayolipa kodi ya nyumba. Ukisafisha picha ya ukubwa wa A3 kwa pikseli 300 kila inchi, unahitaji pikseli 4961 kwa 3508, yaani megapikseli 17 na kitu. Kamera ya 24 inatosha na chenji inabaki. Bango la mita 3 la mlangoni mwa ukumbi? Pikseli 6000 zitakupa kama 50 kwa inchi, na mgeni analitazama akiwa hatua kadhaa mbali. Picha nyingine zote zinaishia kwenye simu, ambako Instagram inazionyesha kwa upana wa pikseli 1080. Nimewahi kuchanganya picha za bodi (kamera) zote mbili katika albamu moja, na si maharusi wala fundi wa maabara aliyeuliza lolote. Palipo na faida ni picha ya ukoo mzima, watu wamejaa ngazi tatu: ukikuza, sura ya bibi aliyekaa pembeni kabisa bado inasomeka vizuri.

Gharama yake inakuja baadaye, dukani umeshatoka. Faili moja la RAW (data ghafi ya kamera kabla ya kuhaririwa) lisilobanwa ni kama MB 120, wakati la A7 III ni chini ya 50. Ukirudi na picha 2000 za sendoff na harusi, hizo ni GB 240, na nakala ya pili lazima iwepo maana harusi hairudiwi. Unaweza kuchagua RAW iliyobanwa, ambayo ni nusu ya hapo, lakini ubanaji huo unatupa sehemu ya data. Ule usiopoteza kitu haupo kwenye bodi hii, katika mfululizo wa A7R ulikuja na A7R V mwaka 2022. Kwa hiyo piga hesabu ya diski za eksteno na kompyuta yenye nguvu kabla hujatoa hela ya kamera.

Halafu kuna mkono na lenzi. Pikseli zake ni ndogo, maikromita 3.76 dhidi ya karibu 5.9 za A7 III, na kila mtikisiko unaonekana. Kanuni tuliyofundishwa, kasi ya shata ya sekunde 1/50 kwa lenzi ya mm 50, hapa hainitoshi. Sishuki chini ya 1/125. Ukifunga tundu la lenzi hadi f/16, dogo sana, ile ncha kali uliyoilipia inalainika. Lenzi hafifu itakupa faili kubwa lenye ukungu. Usiku kelele (chembechembe kwenye picha) za ISO 6400, yaani kamera ikiongezewa wepesi wa kuhisi mwanga, zinaonekana zaidi ukikuza hadi mwisho, ila ukizilinganisha picha kwa ukubwa sawa, kamera hizi mbili zinakaribiana.

Sasa milango ya Zanzibar. Hapa nazungumza kwa mapenzi. Nikiweka kamera kwenye stendi, f/8, mlango mzima ndani ya fremu moja, nikifika nyumbani nakuza kizingiti cha juu na maandishi ya Kiarabu yanasomeka, pamoja na alama za patasi kwenye maua na minyororo iliyochongwa pembeni. Chumvi na mvua vinakula mbao hizo, na mingine imeshang'olewa. Anayetunza kumbukumbu ya kazi ya mafundi wale anastahili kila pikseli. Kwa anayenakili hati za zamani ningesema vilevile.

Ndege pia. Kwenye Mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mdiria hakusubiri usogee. Na lenzi ya mm 200-600, nikiwasha hali ya APS-C (kamera inatumia sehemu ya katikati tu ya kihisi chake) napata mwono wa mm 900 na bado nabaki na megapikseli 26. A7 III kwa mtindo huohuo inakuachia 10 tu.

Kama unaanza na kazi yako ni sherehe na picha za watu, nunua A7 III ya mtumba, kisha weka hela inayobaki kwenye lenzi ya mm 85 f/1.8 na flashi nzuri. Kama ni michongo, hati au ndege, tafuta A7R IV, na stendi imara uinunue siku hiyohiyo.